Mpima Upepo wa Mwisho wa Lami

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, jua likiwa bado halijachangamka, mwanamke mwenye koti la kazi la buluu anapiga magoti kando ya gari na kuweka kiganja juu ya tairi, vile mzazi anavyogusa paji la mtoto aliyeamka vibaya. Analigusa ubavuni, analigusa juu. Limepoa. Anainuka na kuwageukia watu waliosimama wakinyoosha viungo.

"Wote ndani," anasema. "Vikapu ndani, sanduku la barafu ndani. Mimi sipimi gari tupu."

Muuguzi mmoja, mama mwenye mwili wake, anashusha kikombe cha chai na kumtazama kwa mashaka. "Hata mimi?"

"Wewe ndiyo kabisa, dada yangu. Tairi halijui cheo cha mtu, linajua kilo."

Wenzake wanacheka mpaka chai inamwagika. Muuguzi naye anacheka, anapanda, na gari linashuka kidogo upande wake. Mwanamke wa koti la buluu analiona hilo, na bila kusema neno anachomeka geji ya upepo kwenye tairi la nyuma la upande uleule.

Madereva wa barabara hii humwita Mama Upepo. Jina lake la kwenye kitambulisho wanalijua wachache, na yeye mwenyewe anasema akiitwa kwa jina hilo huwa anafikiri ameshtakiwa. Ana miaka arobaini na saba. Kumi na sita kati ya hiyo ameimalizia hapa, mahali lami inapokatika ghafla na mchanga kuanza, bila kibao wala onyo.

Karakana yake ni kontena la bati lililokatwa ubavu mmoja. Ndani kuna mashine ya upepo inayounguruma na kunyamaza kwa zamu, benchi la mbao, ndoo ya maji ya kutafutia pancha, jeki mbili na kopo la chaki. Nje kuna kivuli cha turubai na viti vitatu vya plastiki, kimoja kimeshonwa kwa waya na kingine kimepasuka mgongo.

Pancha anaziba, lakini si pancha iliyompa jina. Magari mengi yanayosimama hapa ni yale makubwa yanayovuta kwa magurudumu yote manne, na mengi ni mazima kabisa. Yanasimama kupunguza upepo yakienda mchangani, na kuongeza yakirudi lami. Gari moja huweza kuonana naye mara mbili kwa siku.

"Watu wengi wanaamini gari likishakuwa la kuvuta magurudumu yote, basi halizami," anasema. "Linazama. Tena likizama linazama kwa heshima, yote manne kwa pamoja."

Gari la asubuhi hii ni la kituo cha chanjo. Juu ya kila gurudumu, kwa rangi nyeupe, imeandikwa namba 38. Ndiyo amri ya ofisini, kwamba kila tairi, kila siku, kila njia, upepo uwe thelathini na nane. Mama Upepo anaitazama namba hiyo kama mtu anayetazama nguo ya kuazima.

"Hii aliiandika mtu akiwa amekaa kwenye kiti," anasema. "Kwa lami na mzigo huu si mbaya, simkosoi. Lakini kilomita arobaini zinazofuata ni mchanga."

Anaachia upepo. Sauti nyembamba inatoka, anahesabu kwa midomo, anapima, anaachia tena. Tairi linaanza kutuna ubavuni.

"Kumi na nane mbele, ishirini nyuma," anatamka.

"Kumi na nane mbele, ishirini nyuma, watu watano, mchanga," anaitikia mwanamume aliyekaa kwenye kiti cha waya, huku akiandika kwenye daftari gumu. "Baridi."

Huyo ni mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja. Madereva humwita Karani. Zamani alikuwa mmoja wao, tena wa kupigiwa mfano, mpaka tairi la nyuma la gari lake lilipopasuka kwenye lami miaka tisa iliyopita na gari likapinduka. Mguu wa kulia ulivunjika mahali patatu. Tairi lilikuwa zee, ndivyo kila mtu alivyosema wakati ule, na ndivyo inavyosemwa mpaka leo.

Alitoka hospitali baada ya miezi mitano akiwa na mkongojo, akakaa nyumbani hadi akachoka kuhesabu mabati ya dari, kisha akaja kumwambia dada yake kwamba anataka kazi ya kukaa. Siku ya kwanza tu alinunua daftari na rula, akapiga mistari: gari, mzigo, njia, upepo. Mwishoni akaongeza safu nyembamba ya herufi moja, B kwa tairi lililopoa, M kwa lililo moto.

"Anapenda mistari huyu," anasema Mama Upepo. "Ningemwachia, angenipigia hata mimi mistari."

Kabla gari la chanjo halijaondoka, anainama dirishani kwa dereva. "Usikate kona kwa pupa, tairi likilegea hivi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Mwendo wa taratibu. Na ukirudi, usipande lami bila kupita hapa. Hata kama una haraka ya kufa kupona, pita."

"Nitapita, mama."

"Nitakuona. Nipo hapahapa."

Dereva huyu hahitaji kushawishiwa. Mwezi kabla ya kuanza kusimama hapa, gari lake lilizama mara nne. Mara ya mwisho walilala nalo mchangani, barafu ikayeyuka, na chanjo za vijiji vitatu zikatupwa. Alipoulizwa alijibu kwamba namba juu ya gurudumu inasema thelathini na nane, na yeye si mtu wa kubishana na rangi.

Kwa sababu hiyo kituo kilikubali, shingo upande, kumpa Mama Upepo wiki mbili za majaribio na gari hilo moja. Wiki mbili zilikwisha jana. Halijazama hata mara moja. Leo saa nne anakuja msimamizi wa magari wa kituo kusema kama magari yote tisa yatakabidhiwa kwake, na kama atawafundisha madereva wote kumi na wawili.

Kwa Mama Upepo hilo si jambo dogo. Siku nzuri hupata magari ishirini. Siku mbaya hupata mawili na mbuzi wanaokuja kulala kivulini. Msimu wa mvua mchanga hufunga na kuwa mgumu, madereva hupita bila kusimama, na ana binti wawili walio chuoni ambao ada yao haijui msimu. Magari tisa ya kudumu ni tofauti ya kulala usingizi na kulala macho.

"Lakini nataka zaidi lile darasa," anasema, akifunga koti ingawa joto limeanza. "Mkataba unaweza kwisha. Aliyefundishwa, amefundishwa."

Hajasomea popote. Kazi hii aliianza kwa kuuza chai kwenye kontena hilihili, lilipokuwa la fundi mwingine aliyehama. Fundi alimwachia mashine mbovu badala ya deni la vikombe, naye akaitengeneza kwa mkanda wa cherehani mpaka alipopata mkanda wake.

Aliyoyajua aliyajua kwa kuinama. Kuna mchezo wake wa chaki ambao madereva wapya husimama kuutazama. Huchora mstari mnene kukatisha uso wa tairi, gari likaenda hatua thelathini mahali pagumu, kisha anatazama chaki imefutika wapi. Ikifutika katikati tu, upepo umezidi, tairi limevimba na linakanyaga kwa tumbo. Ikifutika pembeni na kubaki katikati, upepo umepungua. Ikifutika sawasawa, anapiga makofi mara moja na kumwambia dereva aende zake.

Mchezo mwingine ni wa namba nne. Tairi likipimwa asubuhi limepoa, kisha likapimwa baada ya saa nzima ya lami, kwa magari haya linatakiwa liwe limepanda nne hivi. Likipanda nane, lilianza safari likiwa limelegea, linajikunjakunja na kujichemsha lenyewe. Likipanda mbili tu, lilijazwa mno.

"Kwa hiyo tairi lenyewe linakwambia," anasema. "Ila linasema pole pole. Wanaume wengi hawana subira ya kusikiliza kitu kisicho na mdomo."

"Tumesikia," anasema Karani bila kuinua kichwa.

Saa nne kasoro dakika tano, gari jeupe linatokea kwenye lami na kusimama vumbi likilipita. Anashuka mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati limenyooka, mkononi ana jalada na funguo ambazo hawezi kuacha kuzichezea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, bwana msimamizi. Kiti cha katikati ndicho kizima."

Msimamizi hakai. Anasema ana kikao saa sita, amepita haraka haraka, na kwa kuwa amefika, angependa gari lake lipimwe na kuwekwa sawa, aone kazi kwa macho yake.

Mama Upepo anaweka kiganja juu ya tairi na kukiondoa mara moja. Anachomeka geji. "Arobaini na tatu."

"Arobaini na tatu," anaitikia Karani. "Mtu mmoja, lami. Moto."

"Basi toa tano," anasema msimamizi. "Ibaki thelathini na nane."

"Sitoi."

Funguo zinanyamaza. "Mama, si umesema mwenyewe ni arobaini na tatu?"

"Nimesema. Limekimbia saa nzima juani. Likipoa litarudi lenyewe. Nikitoa tano sasa, kesho asubuhi utakuwa na thelathini na nne, na wewe utajua una thelathini na nane. Liache lipoe."

"Litapoa baada ya muda gani?"

"Kama saa mbili. Tatu, ukiendelea kuegesha juani."

Msimamizi anatazama saa, anatazama gari, kisha anafungua jalada. Ni wazi kwamba jambo la gari ameliweka kando, hajaliafiki. Anasema taarifa ya majaribio ameisoma, ni nzuri, hana la kupinga. Imebaki fomu. Kila anayegusa magari ya kituo lazima aijaze, na ofisini wataisoma kabla ya chochote.

Mikono ya Mama Upepo ina grisi mpaka viwiko. Fomu inakwenda kwa Karani, kama karatasi zote za hapa zinavyokwenda. Anaweka miwani, anabofya kalamu na kuanza kusoma kwa sauti. Jina. Umri. Miaka ya kazi. Vifaa. Dada anajibu, mdogo anaandika, na msimamizi amerudia kuchezea funguo.

"Namba kumi na moja," anasoma Karani. "Je, kazi yako imewahi kusababisha ajali au madhara? Eleza."

Kalamu inasubiri. Kwa watu wote waliojaza fomu hii, neno la hapo ni moja, na lina herufi sita. Msimamizi mwenyewe anafungua kinywa kumsaidia. "Hapo unaweza kuandika tu haku..."

"Ndiyo," anasema Mama Upepo.

Anafuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji. Hamtazami msimamizi. Anamtazama mdogo wake, au tuseme anautazama utosi wa mdogo wake, kwa kuwa ameinamia karatasi.

"Ilikuwa mchana, saa nane," anasema. "Gari la abiria na mizigo limetoka safari ya lami, limechemka. Dereva ana haraka. Napima, napata arobaini na mbili. Mlangoni imeandikwa thelathini na sita. Nikatoa mpaka thelathini na sita, nikajiona fundi. Likapakiwa mifuko ya saruji, likarudi lami. Halikufika mbali."

Mashine ya upepo inaunguruma peke yake, kisha inanyamaza.

"Sikujua. Nilijua wiki tatu baadaye, siku nilipopima tairi moja mchana, halafu nikalipima lilelile kesho yake asubuhi. Nilikaa chini pale kwenye ndoo. Watu walikuwa wanasema tairi lilikuwa zee, nami nikawaacha waseme. Nimewaacha miaka tisa."

Ameshapiga moyo konde, na mtu aliyefika hapo harudi nyuma. Anasema sasa moja kwa moja, kwa jina la nyumbani ambalo halitaandikwa hapa: "Lilikuwa gari lako. Mguu huo niliuvunja mimi."

Karani anaandika. Anaandika mpaka mwisho wa mstari, anashuka wa pili. Halafu anavua miwani.

"Tarehe sikuuliza kwa kuwa naijua," anasema.

"Umenisikia nilichosema?"

"Nimekusikia, dada. Sasa na wewe niambie kitu kimoja. Hii safu ya baridi na moto, siku ile ya kwanza nilipoipiga, ulifikiri naipiga kwa sababu gani?"

Mama Upepo anatazama daftari lililo chini ya fomu. Miaka minane amekuwa akisikia neno hilo moja mwishoni mwa kila gari, baridi, moto, moto, baridi, na kulichukulia kuwa ni ukaidi wa dereva mstaafu. Anatafuta kiti kwa mkono na kukaa kile kilichopasuka mgongo, nacho kikalia.

"Ulijua," anasema.

"Miezi mitano nimelala chali, nitafikiri nini kingine? Nilikuwa nimesimama pale, nilisikia upepo unatoka. Na tairi lile nilikuwa nimelinunua mimi, halikuwa zee hata kidogo."

"Kwa nini hukusema?"

Karani anakuna kidevu. "Ulikuwa unaniletea chai kila siku, kwa miguu. Ningesema, ungeileta huku unalia, na chai yenyewe ilikuwa haina sukari. Halafu nikaona nikisema nitakuwa na mguu mbovu na dada mbovu. Nikaona bora nipige mistari."

Msimamizi amegeuka kutazama barabara, kwa adabu. Mama Upepo analia kidogo, waziwazi, bila kujificha, kisha anajifuta kwa mkono wa koti na kubakiza alama ya grisi shavuni ambayo hakuna anayethubutu kumwambia.

"Na isiandikwe wewe peke yako," anasema Karani, akirudisha miwani, kana kwamba kalamu inashikwa na mtu mwingine. "Nilikuwa na haraka, nilikuhimiza. Nilisema toa, dada, toa, nimechelewa. Hapa nimeandika watu wawili." Anasaini kama shahidi na kurudisha fomu.

Msimamizi anaisoma akiwa amesimama. Anaisoma tena. Anasema tangu mwaka uanze amepokea fomu arobaini na moja pamoja na hii, za mafundi, madereva na wauza matairi, na kwenye namba kumi na moja zile nyingine zote arobaini zimeandikwa hakuna.

"Sijui ofisini watasemaje," anaanza, kisha anaacha. Anafikiri. "Hapana, najua. Watasema ninavyosema mimi, kwa sababu magari ni yangu. Nitaipeleka hivi hivi ilivyo. Na ile rangi nyeupe, mama, inafutika kwa kitu gani?"

"Petroli na tambara."

"Kwa magari yote tisa?"

"Ulete moja moja. Yakiwa yamepoa."

Anacheka, kwa mara ya kwanza tangu ashuke. Kisha anapiga simu, anasema kikao kianze bila yeye, anatia funguo mfukoni na kukaa kwenye kiti cha katikati. Kwa saa mbili na ushee wanangoja. Karani anamwonyesha daftari, ukurasa kwa ukurasa, na msimamizi anauliza maswali ya mtu aliyeanza kuelewa. Lori moja linasimama, linaongezwa upepo, linakwenda. Gari la asubuhi linarudi kutoka mchangani, muuguzi akiwa dirishani na sanduku lake la barafu likiwa tupu, na dereva anasimama bila kuitwa.

Saa sita na nusu Mama Upepo anakwenda kwenye gari jeupe, lililosogezwa kivulini, anaweka kiganja juu ya tairi na kukiacha hapo. Anachomeka geji.

"Thelathini na tisa."

"Thelathini na tisa," anaitikia mdogo wake, na anangoja kidogo kabla ya kutaja safu ya mwisho, mpaka dada yake ageuke kumtazama. "Baridi."

Anatoa moja tu. Msimamizi anaitazama ile moja ikitoka, anashukuru, na anaondoka polepole kuliko alivyokuja.

Darasa litaanza Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, madereva sita sita. Mama Upepo anataka baadaye kuongeza mashine ya pili na kufungua kituo kingine upande wa pili wa mchanga, ili magari yanayotoka huko yasipande lami yakiwa yamelegea. Amekwisha kuuliza bei ya kontena. Lakini akiulizwa siku ya kwanza atafundisha nini, chaki au namba nne, anatikisa kichwa.

"Kwanza mdogo wangu atakunja suruali, wauone mguu," anasema. "Kisha nitasimama mimi niwaambie nilichofanya. Halafu ndiyo tutashika geji."